Matundu Mawili ya Saa ya Mzee Osundwa

Skrubu yenye mistari mitatu kichwani hufunguliwa kinyume. Hilo nilifundishwa na Sylvanus Mukhwana siku ya kwanza nilipoketi mezani pake, nikiwa tayari mtu mzima mwenye mke. "Wale hawajui," aliniambia, "wanaikazanga wakifikiria wanafungua, mpaka inakatika kichwa. Halafu wanasema ni saa mbaya."

Saa za mfukoni za zamani zina vituko vingi vya namna hiyo. Ziko ambazo huwezi kuzipanga majira mpaka ufungue kioo na kuvuta kijiti kilichojificha pembeni. Ziko zenye mnyororo ndani, pingili zake ndogo kuliko punje ya wimbi. Ziko zilizopambwa mawe mekundu upande ambao mwenyewe ataufungua na kuuona, lakini upande wa pili, chini ya uso wa saa, ni shaba tupu kama sufuria. Mukhwana alinifundisha vituko hivyo vyote kwa miaka minne, akinilisha nyumbani kwake kila nilipochelewa kurudi kwangu. Nami nikamlipa kwa neno moja nililolitamka kanisani.

Mwaka huo wa sabini na nane miwa ilikuwa imewaingia watu kichwani. Walikuwepo waliong'oa hata migomba ya nyuma ya jikoni ili wapande miwa. Trela za matrekta zilipita zikidondosha mabua barabarani na watoto wakiyagombania. Kila aliyeuza miwa alitaka vitu vitatu: mabati, redio na saa. Zamani watu wetu walikuwa wakiulizana kama jua limepanda au bado, lakini kiwanda kikaja na zamu zake na ving'ora vyake, na ghafla kila mtu ana haraka ya dakika tano. Mimi nilikuwa na kibanda mjini Kakamega, kati ya fundi viatu na muuza mafuta ya taa. Kilikuwa chembamba hivi kwamba nikikaa, magoti yaligusa mlango na mgongo ukagusa ukuta. Kwa hiyo nilifanya kazi mlango umefungwa, nikipokea saa kwa dirisha dogo. Mukhwana alibaki na meza yake kwenye baraza ya duka moja sokoni Shinyalu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini mikono yake ilikuwa bado na akili kunishinda.

Mzee Osundwa alikuwa na miwa mingi upande wa Malava na kiti cha mbele katika kanisa letu la Shirere. Alikuwa pia na saa ya mfukoni ya fedha, yenye mnyororo uliolala juu ya kizibao chake kila Jumapili. Baba yake alikuwa ameipata kwa Mzungu mmoja mchimba dhahabu, kabla ya vita, machimbo yalipokuwa yamejaa watu. Kila mwaka Mukhwana aliisafisha, na kila mwaka ikatembea. Osundwa mwenyewe hakuwahi kuona ndani yake, maana mfuniko wa nyuma haukuwa na mahali pa kutia ukucha. Ulizungushwa kama kifuniko cha chupa, na hakuna aliyemwambia.

Siku moja akapata mgeni kutoka kiwandani, mtu wa mashine. Mgeni akaishika saa, akaizungusha mgongo, mfuniko ukatoka. Osundwa akaona magurudumu yakicheza, akaona mawe mekundu yakimetameta, akafurahi kama mtoto. Kisha akaona matundu mawili hayana kitu.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa kwingine hawezi kulijua. Sisi wa Kakamega tumelelewa na mashimo. Nilichunga ng'ombe nikiwa mdogo pembeni mwa machimbo ya Wazungu, na mama alikuwa akituapiza tusisogee. Kila shimo lilikuwa na hadithi yake: hapa walitoa hivi, hapa walitoa vile, wakafunga virago. Kwetu sisi, tundu lililoachwa na Mzungu ni mahali palipotolewa kitu cha thamani. Hatukuhitaji kulifikiri hilo, lilikuwa ndani ya damu. Kwa hiyo Osundwa alipoona matundu mawili karibu na mawe mekundu, hakujiuliza kama kuna kilichoibwa. Alijiuliza ni nani aliyekiiba, na jibu alikuwa nalo, kwa kuwa mtu aliyeifungua saa hiyo alikuwa mmoja tu.

Akaja kwenye dirisha langu.

"Mulembe, Bramwel."

"Mulembe, mzee."

"Hii saa, Mukhwana ndiye alikuwa anaifunguanga. Wewe ni fundi ya mjini, uko na macho. Niambie ukweli. Hapa kuna kitu imetolewa ama hakuna?"

Nilivaa kioo changu cha jicho, nikatazama. Matundu yalikuwa mawili, madogo, karibu na lile gurudumu linalocheza kwenda na kurudi ambalo sisi mafundi tunaliita roho. Yalikuwa na hesi ndani, safi, tayari kupokea skrubu. Nikawaza: anayekata hesi anataka kutia skrubu, anayetia skrubu anataka kushika kitu, na kitu hicho hakipo. Niliwaza hivyo kwa muda wa kumeza mate mara moja. Sikuifungua saa zaidi, wala sikupima chochote.

Na niseme lililokuwa moyoni mwangu, maana nimeshachoka kulificha. Nilifurahi. Kwa miaka yote watu walikuwa wakiniambia, "Wewe ni kijana wa Mukhwana," na mimi nina ndevu. Sasa mzee mwenye kizibao amekuja dirishani kwangu kuniuliza mimi kuhusu kazi ya Mukhwana. Kichwa kikavimba.

"Kuna kitu hapa hakipo," nikamwambia.

Kanisani kwetu hatuapi. Hatushiki Biblia, hatuinui mkono. Tumefundishwa kwamba ndiyo ya mtu iwe ndiyo na siyo yake iwe siyo, na yanayozidi hapo yanatoka kwa yule mwovu. Watu wa makanisa mengine hutuonea wivu kwa hilo, wakidhani ni rahisi. Kumbe mtu akila kiapo akadanganya, anaweza kujitetea kwamba alitishwa na kiapo. Ukisema ndiyo tupu, unajitetea kwa nini? Tena hatupigi kura. Karani wa mkutano huuliza, "Mkutano unasema nini?" Tunakaa kimya. Kama hakuna aliyesimama, kimya hicho kinaandikwa kwamba tumekubali.

Karani wetu alikuwa Mama Risper Musimbi, mwalimu mstaafu, mwanamke wa haki ambaye sina neno baya juu yake. Osundwa alimpelekea shauri lake, na Jumapili iliyofuata alitusimamisha wawili, mimi upande wa kulia na Mukhwana upande wa kushoto. Saa ilikuwa mezani mbele yake, mfuniko wazi.

"Mwalimu Mukhwana, ulitoa kitu kwa hii saa?"

"Siyo."

"Hayo matundu yalikuwa na nini?"

"Hayakuwanga na kitu, mama. Yalitengenezwa hivyo huko Ulaya."

Kanisa zima likacheka. Sikucheka kwa sauti, lakini nilicheka. Mzee Osundwa akainuka nusu, akasema, "Mzungu hatoboangi tundu ya bure!" Watu wakatikisa vichwa, maana kila mmoja pale alikuwa na shimo analolifahamu karibu na kwao. Mukhwana alinigeukia. Hakunitazama kwa hasira. Alisema, "Bramwel, angalia vizuri." Mimi nikatazama dirishani.

"Bramwel Andati," karani akaniuliza, "hayo matundu yalikuwa na kitu?"

"Ndiyo."

Neno ndilo hilo. Likaandikwa kitabuni, mkutano ukakaa kimya, na Sylvanus Mukhwana akatengwa mpaka atakapokiri. Mtu aliyetengwa kwetu anaweza kuja ibadani na kukaa nyuma, lakini hasimami mbele ya kanisa kwa jambo lolote. Na wiki tano baadaye binti yake Ayuma, mtoto wake wa pekee, alikuwa aolewe kanisani humo humo na kijana wa kiwandani. Baba ndiye humshika binti mkono na kumkabidhi. Mkono huo Mukhwana alikuwa amepokonywa, na aliyempokonya ni mimi.

Bado sikujua kwamba nimekosea. Wakati huo niliona haya kidogo, kama mtu aliyesema kweli inayouma, na nilitembea mjini watu wakinionyesha kwa kidole kizuri. "Huyo ndiye fundi wa ndiyo." Saa zikajaa kwenye kibati changu. Kutoka Shinyalu, kutoka Mautuma hata, watu walipita meza ya Mukhwana wakaja dirishani kwangu.

Osundwa aliniachia saa yake. Alitaka matundu yazibwe: "Tafuta mawe kama ile, ama chuma, ama kitu yoyote. Sitaki watu waone shimo." Nikaiweka kando hadi wiki ya tatu. Siku hiyo asubuhi mvua ilikuwa imekatiza wateja, nikafunga dirisha, nikasema niimalize.

Nina kopo la skrubu za saa zilizokufa. Nilitafuta mpaka nikapata mbili zenye hesi inayoingia. Nikakaza ya kwanza. Ikaingia vizuri kama imezaliwa pale. Nikaachia saa itembee.

Ikasimama.

Nikaondoa skrubu, saa ikatembea. Nikarudisha, ikasimama. Nikavaa kioo cha jicho na kuinamia hadi pua ikakaribia kugusa shaba, na hapo nikaona kile ambacho Mukhwana aliniambia nikiangalie. Lile gurudumu la roho linapocheza hupita juu ya matundu yale, karibu sana, nafasi ya unywele. Kichwa cha skrubu kikichomoza, hata kidogo, gurudumu linakigonga. Hakuna skrubu iwezayo kukaa pale, hakuna jiwe, hakuna bati, hakuna chochote chenye unene. Na saa hii imetembea tangu machimbo ya dhahabu, mfukoni kwa baba na mfukoni kwa mwana. Kama kitu kingekuwa pale hata siku moja, isingetembea hata dakika moja.

Nikaelewa na sababu, ikanijia kirahisi hivi kwamba nilitaka kujipiga kofi. Waliotengeneza saa ile walitoboa mabamba ya saa za aina nyingi kwa pamoja, matundu yale yale kwa zote. Aina moja ilitumia haya, aina nyingine ikatumia yale, yaliyobaki yakabaki. Mkanda wangu wa suruali una matundu saba na ninatumia moja. Sijawahi kulia kwamba nimeibiwa sita.

Nilikaa kibandani. Magoti mlangoni, mgongo ukutani. Nje mvua ilipiga mabati na mtu akabisha dirishani akiita, "Fundi! Fundi uko?" Nilihisi kama ukuta umesogea. Nikisema, mimi ni fundi asiyejua kazi, na mwongo aliyesimama mbele ya Mungu. Nani ataniletea saa? Nisiposema, mzee aliyenilisha atakaa benchi ya nyuma na kumtazama mtoto wake akikabidhiwa na mtu mwingine. Hapakuwa na njia ya tatu. Niliitafuta, amini usiamini. Nilikaa siku tano nikiitafuta. Nilitengeneza saa za watu nikiwaza mengine, nikavunja mhimili wa saa moja ya mwalimu wa Shirere, nikamsingizia kwamba aliiangusha.

Mke wangu Jescah ndiye aliyenikamata. "Unakula kama mtu anameza dawa," alisema. "Kuna nini?" Nikamweleza yote. Alikaa akichambua mboga, hakuinua kichwa. Kisha akasema, "Na bado uko hapa?" Nikachukua kofia.

Nilimkuta Mukhwana nyumbani kwake, akipukuchua mahindi barazani. Ile meza yake ya sokoni ilikuwa imeegemezwa ukutani, kuku wamelala juu yake. Aliniona, akaendelea kupukuchua.

"Ulijaribu skrubu?" akaniuliza, kabla sijasalimu.

"Nilijaribu, mwalimu."

"Ikasimama."

"Ikasimama."

Akacheka kidogo. "Nilikuwa najiuliza itakuchukua siku ngapi."

"Kwa nini hukunionyesha?" Sauti ilinitoka kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake. "Ungenivuta kando, ungeniambia weka skrubu uone. Ningeona!"

"Nilikuambia kanisani mbele ya watu wote. Wewe ulicheka."

Nililia pale. Sioni haya kusema. Nililia mbele ya kuku na mahindi, na Ayuma akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama akitutazama. Kwa miaka minne alikuwa amenipakulia chakula kama dada mdogo. Hakuniita kaka siku hiyo.

"Baba asiponishika mkono sitaingia hapo," akasema. "Nitaenda kwa huyo mwanaume bila kanisa. Watapika obusuma yao na kuku zao, sitakuwepo."

"Hutaenda hivyo," Mukhwana akamwambia. "Mama yako alizikwa na hilo kanisa."

"Jumapili nitasema," nikawaahidi. "Nitasema yote. Watanitenga mimi."

Mukhwana alinitazama kwa macho yake yenye ukungu. Nilidhani atafurahi. Akasema tu, "Sema, mwanangu. Lakini usije ukashangaa."

Jumapili hiyo nilisimama kabla hata karani hajafungua kitabu. Nilisema nilidanganya kwa kutojua na kwa majivuno. Nilieleza matundu, nikaeleza mkanda, nikaufungua mkanda wangu mwenyewe na kuwaonyesha, wamama wakaangalia chini. Nikaweka saa mezani, nikatia skrubu, ikasimama. Nikatoa, ikatembea. Nikawaita waje waone kwa kioo cha jicho. Mzee Osundwa akaja, akakibana kioo jichoni, akainama muda mrefu. Nadhani aliona kope zake tu.

"Imesimama kwa sababu imeumizwa," akasema akirudisha kioo. "Mtu akitolewa kitu mwilini, ukirudisha ingine haikubali. Hata hospitali inajua hiyo."

"Mzee, hakuna kilichotolewa! Mimi ndiye niliyesema, na mimi ndiye ninayesema sasa!"

Akanigeukia, na nikaona machozi machoni pake. Si ya hasira. Akaliambia kanisa, "Mnaona huyu mtu? Mnaona upendo? Anataka kubeba dhambi ya mwalimu wake."

Minong'ono ikapita benchi kwa benchi, na kila uso uliokuwa ukinitazama ulikuwa umelainika. Mwanamke mmoja alisema "Asante Yesu." Nikapiga meza kwa ngumi. Nikasema mimi ni mwongo, mpumbavu, mwenye wivu. Kadiri nilivyopayuka ndivyo walivyozidi kunipenda.

Mama Musimbi alinisubiri niishiwe pumzi. "Bramwel," akasema kwa upole, "ndiyo yako iko hapa kwa kitabu. Leo umesema siyo. Tutashika gani? Ile ya kwanza ulisema wakati hukuwa na huruma kwa mtu yeyote. Hii ya leo umesema na harusi iko karibu. Mimi ningekuwa wewe, labda ningesema hivyo hivyo, Mungu anisamehe."

"Basi nitengeni mimi."

"Kwa kosa gani? Kwa kupenda?" Akageukia watu. "Mkutano unasema nini?"

Wakakaa kimya. Nilibaki nimesimama peke yangu katikati ya kimya hicho, mkanda mkononi, suruali nimeishikilia. Nyuma kabisa Mukhwana alikuwa ameinamisha kichwa. Baada ya ibada wazee walinishika mkono mmoja mmoja, na Osundwa akaniomba niingie kamati ya harusi.

Wiki iliyofuata nilihangaika kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Nilikwenda Kisumu kwa basi kutafuta saa nyingine ya aina ile, nikaingia maduka yote ya Wahindi, nikakuta za mkononi tupu. Nilikwenda kwa Mama Musimbi nyumbani, akanipa chai na kuniombea. Nilikwenda kwa Osundwa shambani, nikamkuta katikati ya wakataji wake, akaniambia mbele yao wote kwamba angekuwa na mwana kama mimi angekufa kwa amani. Nilirudi kibandani. Nilikuta watu watatu wakinisubiri na saa zao.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, kamati ilikutana kanisani mchana kupanga viti. Ayuma alikuwepo, ametulia kama mtu aliyekata shauri, na nilijua shauri gani. Tulikuwa bado tunahesabu benchi pale Mukhwana alipoingia. Alikuwa amevaa koti lake jeusi. Hakukaa nyuma. Alipita katikati hadi mezani kwa karani, akavua kofia.

"Nimekuja kukiri," akasema.

Nilitaka kusimama. Akanitazama, na mkono wake ukafanya ishara ndogo, ile aliyokuwa akinifanyia zamani mezani nilipotaka kulazimisha kitu kisicholazimishwa: polepole, acha. Nikabaki kitini.

"Sema, mwalimu," Mama Musimbi akamwambia.

"Nilitoa."

"Ulitoa nini?"

"Hayo mawe. Mawili."

"Yako wapi?"

Akaizungusha kofia mikononi. Mtu ambaye hajazoea kudanganya hata hajui aendelee vipi. "Yalipotea," akasema.

Mzee Osundwa alivuka chumba kwa hatua tatu akamkumbatia. Alilia kabisa, na sidhani alikuwa akiigiza. "Nimekusamehe, ndugu yangu. Nimekusamehe kitambo." Mtu akaanzisha wimbo, wengine wakadakia, na Ayuma akakimbia akamshika baba yake kiunoni, uso ndani ya koti, mabega yakitikisika. Ni yeye, baba yake na mimi tu katika chumba kile tuliojua anachokililia.

Wimbo ukaisha. Mama Musimbi akafungua kitabu, akashika kalamu. "Mwalimu Mukhwana amekiri na amesamehewa. Anarudishwa. Mkutano unasema nini?"

Nilikuwa na nafasi hiyo. Ningesimama na kusema siyo, kwa nguvu zangu zote, na Mukhwana angekuwa mtu aliyedanganya mbele ya kanisa, na harusi ilikuwa kesho yake. Ayuma aliinua uso kutoka kwenye koti, akanitazama. Nilisikia kalamu ikingoja, kama inavyosikika saa kwenye chumba kitupu. Nikakaa kimya pamoja na wengine. Karani akaandika.

Mukhwana alinikuta nje, nimeegemea ukuta. Nilishindwa kumtazama.

"Mwalimu, umedanganya."

"Ee," akasema. "Wewe ulisema moja, na mimi nimesema moja. Sasa tunatoshana." Akanishika mkono na kuutikisa kwa nguvu. "Kesho uje mapema. Mimi sijui kufunga hiyo kitu ya shingo."

Nilikwenda mapema, nikamfunga tai. Alimshika binti yake mkono, akatembea naye mpaka mbele, mgongo umenyooka, akamkabidhi. Ilikuwa harusi nzuri, obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, hadi watu wakaomba radhi matumbo yao. Mzee Osundwa alizunguka meza kwa meza akifungua mfuniko wa saa yake na kuwaonyesha wageni yale matundu mawili. Hakutaka tena yazibwe. "Hapa ndipo mawe yalitolewa," alikuwa akisema, "na nilisamehe."

Jumatatu Mukhwana akairudisha meza yake sokoni Shinyalu. Watu walimsalimia vizuri, kwa kuwa alikuwa amesamehewa, lakini hakuna aliyempa saa, kwa kuwa alikuwa amekiri. Alikaa pale hadi mvua ndefu, kisha akaigawa meza kwa muuza nyanya. Saa zote zilikuja kwangu, na mimi nikazipokea.